Uso Usiokatwa

Mwaka 2009 nilimpeleka jirani yangu Denise, Mama Christelle, kwenye jumba la makumbusho ya mavazi, katikati ya Stockholm. Tulipanda treni kutoka kitongoji chetu cha Fisksätra, yeye amevaa kama anayekwenda kanisani. Marehemu mumewe, Zacharie, alikuwa fundi cherehani kule kwetu Bukavu, Kongo, basi nikadhani nguo zitamfurahisha.

Ndani walijaa watalii walioshuka melini, kamera shingoni. Chumba cha mwisho kiliandikwa "Afrika ya Furaha". Sikuamini macho yangu. Ukutani kitenge cha chama tawala, kijani, uso wa Rais wetu wa zamani umetapakaa kote. Kile kile tulichovalishwa kwa nguvu, tukachezeshwa uwanjani juani, tumbo tupu! Nakala zake zimerundikwa mezani pamoja na mikasi: kila mgeni akate kipande, ashone kibegi, aende nacho kwao.

Mtalii mmoja mwenye mvi akapitisha mkasi katikati ya jicho.

"Usikate!" Denise alimrukia, akamshika mkono. "Baba, acha! Watakubeba!"

Mkasi ukaanguka. Watu wakacheka, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Mmoja akapiga picha.

"Mwambie mama atulie," msichana wa makumbusho aliniambia kwa Kiswidi. "Ni kitambaa tu."

"Kitambaa tu?" nikamjibu. "Mume wake alikata uso huo huo akishona gauni. Askari wakamchukua dukani, utepe wa kupimia bado shingoni. Hakurudi! Nanyi mmeufanya mchezo wa watalii?"

Msichana akaweka mkono mdomoni. Mtalii hakujua Kiswahili wala Kiswidi. Akaokota mkasi, akamaliza jicho, akakata na pua.

Denise akageukia mlango. "Kaka Hervé, sasa nani anakuya?"

"Hakuna anayekuja, Mama Christelle."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Hakuniamini. Alivuta kiti, akaketi akiukodolea macho mlango, mkoba mapajani. Wakaingia wengine, wakakata mdomo, wakakata kofia, wakatoka na vibegi vyao wakicheka. Taa zikaanza kuzimwa. Hakuja askari, hakuja mtu wa chama.

Hapo akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake, hata kwenye yale matanga tuliyoyafanya bila maiti.

"Kumbe inakatika! Inakatika tu hivi, na Zacharie wangu walimuua!"