Miguu Si Unga

Maneno yenyewe Mama Mikate alitupiwa na wifi yake, pale kwenye dirisha la duka lake la mikate, huku wifi akibonyezabonyeza mikate kutafuta ulio laini.

"Wifi, miguu ya mwanao huioni? Mafuta yakishuka miguuni yasipokandwa, siku moja yanapanda moyoni. Na moyo ukishazama kwenye mafuta, ndiyo kwaheri."

Akachukua mkate wake akaenda zake. Maneno yakabaki. Mama Mikate, kama wateja walivyozoea kumwita, aliyafukuza kama nzi, nayo kama nzi yakarudi. Akikanda unga, yapo. Akipanga trei, yapo. Mwanawe wa pekee, msusi wa nywele, alikuwa na kiuno cha nyigu, lakini kuanzia nyonga kushuka chini miguu ilikuwa imejaa tangu alipovunja ungo, na kila mwaka ilizidi. Akitoka saluni baada ya kusimama kutwa, alisema inamuuma kama imejazwa mawe. Ukiigusa kidogo tu, alama.

Basi kila jioni, kabla ya chakula, mama akawa anamlaza binti kitandani. Mikono iliyozoea kuugeuza unga wa mtaa mzima ikashuka mapajani.

"Mama, taratibu! Unaniua!"

"Nakuokoa, mwanangu. Vumilia. Unga usipokandwa hauumuki."

"Sasa wewe unataka niumuke au nipungue?"

Wakacheka mpaka machozi. Hawakucheka tena kwa muda mrefu.

Alama zikawa madoa ya zambarau, kisha ya kijani. Mama akajipa moyo kwamba hayo ndiyo mafuta yanavunjika. Binti naye, hofu ya mama ilipomwingia, akaanza kukikimbia chakula. Asubuhi chai ya rangi, mchana maji. Mashavu yakabonyea, mifupa ya shingo ikachomoza, blauzi zikampwaya. Miguu, wapi! Ilikaa vilevile. Mama alipomtazama akivaa, mwili ulimsisimka: juu mgonjwa aliyekonda, chini mtu mwingine kabisa, kana kwamba watu wawili wameshonwa pamoja kiunoni. Akazidi kukanda.

Siku moja simu ikalia, mwenye saluni upande wa pili. "Mama, njoo upesi. Mwenzetu ameanguka, kitana bado kiko mkononi."

Hospitalini, daktari mwanamke alifunua shuka, akayaona madoa. Kisha akauliza, "Nani anampiga huyu binti?"

Mama akarudi nyuma mpaka ukutani. Akajiona ameshikwa mkono na askari, mwanawe amebaki peke yake na moyo unaozama. Aliyejibu ni binti, kwa sauti ya uchovu:

"Hanipigi. Ananikanda."

Daktari akaitazama mikono ya mama. Unga ulikuwa bado kwenye kucha.

"Daktari, niambie tu. Mafuta yamefika moyoni?"

Mama akamweleza yote. Daktari hakucheka. Akamwonyesha nyayo za binti: nyembamba, za kawaida. Unene ulikoma kwenye vifundo, kama suruali yenye mpira chini, na miguu yote miwili ilifanana. "Mafuta haya hayasafiri kwenda moyoni. Ugonjwa huu huwapata wanawake, mara nyingi hufuata ukoo, na wengi huanza wakati wa kuvunja ungo. Unauma, na ngozi huvilia damu upesi. Unaitwa lipidema."

"Lipa deni? Deni gani tena, daktari?"

"Lipidema, mama. Hakuna anayedaiwa. Si ulafi, si uvivu. Kilichomwangusha ni njaa. Na njaa hiyo, ikiendelea, ndiyo inayoweza kuudhuru moyo."

Mama akatafuta kiti kwa mkono bila kukiona. Kile alichokuwa akikikimbia ndicho alichokuwa akimpelekea mwanawe.

"Itaisha?"

"Haiishi. Inatunzwa." Ale vizuri. Atembee, aogelee akiweza. Avae soksi maalumu za kubana, zilizopimwa kwenye miguu yake mwenyewe. Akitaka kukandwa, akandwe na mtaalamu, kwa mkono mwepesi kama wa kumpapasa mtoto mchanga.

Binti alirudi saluni, siku hizi anasuka akiwa amekaa. Lakini hofu ya mama haikurudi ilikotoka, ilihamia kwenye sahani. Binti akisukuma chakula pembeni, mama husimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, asithubutu kusema, asithubutu kuondoka.

Juzi wifi kaja tena dirishani, na habari za majani ya kuyeyusha mapaja.

"Wifi," mama akamkata, "mkate wako huu hapa. Na maneno yako yafunge humohumo kwenye karatasi ya mkate, uende nayo."

Lakini wenye mabinti wa miguu ya namna hiyo huwaita ndani na kuwaambia ya kuepuka:

Usimkande kwa nguvu, wala kwa chupa, wala kwa kitambaa cha moto.

Usimwache ashinde njaa. Miguu haitapungua, atapungua yeye.

Usimfunge vitambaa wala mipira ya kubahatisha. Soksi zipimwe na wanaojua.

Usimpe dawa za kukondesha, wala za kuharisha.

Usimwite mnene mbele za watu, hata kwa utani.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, au ukawa mwekundu na wa moto, au akikosa pumzi, usiulize jirani. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.