Steki Juu ya Chuma cha Chapati

Kwa miaka ishirini na miwili tonton Rigobert aliwapikia watu steki, na hakuna hata siku moja aliyoketi mezani akaletewa ya kwake.

Ilikuwa Bukavu, katika hoteli iliyotazama ziwa. Yeye ndiye aliyesimama kwenye moto. Steki zikitoka zinakwenda kwa wenyewe; wapishi walikula vile vipande vya pembeni vinavyokatwa ili nyama ipendeze kwenye sahani. Na mteja akifurahi hata akasema aitwe mpishi ashukuriwe, aliyetoka kwenda kupokea shukrani alikuwa meneja, na tai yake shingoni. Tonton alizisimulia habari hizi huku akicheka. Lakini Émérance, aliyemwita tonton, yaani mjomba, na aliyelelewa naye pale Evere, Brussels, tangu akiwa na miaka tisa, alikuwa amezisikia mara nyingi kiasi cha kujua ni wapi hasa kicheko hicho hukatika.

Basi mwezi wa Machi mwaka 2011, tonton alipostaafu kwenye kantini ya shule alikomenya viazi miaka kumi na minne, Émérance alichukua simu, na kabla haya haijamshika akasema:

"Tonton, dimanche saa sita unakuja kula kwangu. Steki. Utaikala kwa kiti, nitakuletea."

"Kwako? Na kale karéchaud ka sahani moja?"

"Hautasimama, tonton. Uniahidi."

"Bon. Naahidi."

Akakata simu, akaketi kitandani kama mtu aliyeiba.

Kwake palikuwa chumba kimoja cha ghorofa ya tatu huko Saint-Josse, alichopanga alipoanza mwaka wa mwisho wa uuguzi. Mali yake ya jikoni ilikuwa jiko la umeme la sahani moja, sufuria nyembamba ya tambi, birika, visu viwili na uma mbili. Kikaango hakikuwapo. Darini, juu ya kitanda, palikuwa na kengele ya moshi yenye roho nyepesi, iliyoweza kupiga kelele hata kwa mvuke wa birika. Mama mwenye nyumba alikwisha kupanda ngazi mara mbili kwa ajili yake, na alikuwa mtu mwenye magoti mabovu na maneno mazima.

Aliyemwokoa ni Hawa, jirani wa mlango wa pili, mwenyeji wa Bujumbura, anayesuka nywele katika Galerie d'Ixelles. Hawa alikuja amekumbatia chuma chake cha chapati, cheusi, kizito kama dhambi, ambacho mama yake alikileta Ulaya ndani ya sanduku mahali ambapo viatu vingekaa.

"Kinashika moto vizuri kuliko kikaango chochote," alisema. "Lakini sikiliza, mudogo wangu. Chuma hiki hakijawahi kuona nguruwe. Na nyama yenye haikuchinjwa kwa bismillahi, hakiijui."

"Nitanunua kwa bucha yenu, da Hawa."

Akaenda. Mwenye bucha, aliyezoea wanawake wa Kiafrika na michuzi yao, alikwisha kuinua kisu akatekate nyama vipande vidogo. Émérance akamzuia kwa mikono miwili, akamwonyesha unene wa vidole viwili vilivyolala pamoja. Vipande viwili vizima. Yule bwana akauliza kama kuna harusi.

Jumapili saa sita kamili tonton aliingia amevaa koti na tai. Akaketishwa kwenye kiti pekee kilichokuwapo, akaweka mikono chini ya mapaja kama mtoto wa shule aliyeambiwa asiguse kitu. Hawa alipanda kitandani na kitenge mkononi, tayari kuipepea kengele. Chuma kilikuwa kimekaa kwenye jiko robo saa nzima, kwa sababu jiko lile lilipata moto kwa kujivuta.

Hapo ndipo mikono ya Émérance ilipofanya kazi peke yake. Ikachukua nyama, ikaitia kwenye maji, ikaisugua kwa limau na chumvi, ikaisuuza, kama ilivyofanya ya mama yake na ya bibi yake, maana kwao hakuna nyama inayokwenda motoni bila kuoshwa. Tonton alifumbua kinywa. Akakumbuka ahadi, akakifumba.

Steki ya kwanza ilitua juu ya chuma. Badala ya kulia, ikapumua: fuuu. Maji yakatoka pande zote, povu la kijivu likapanda.

"Inaoga," tonton aliiambia dari.

"Tonton!"

"Sijasimama."

Hawa alicheka mpaka kitanda kikalia. Émérance hakucheka. Aliigeuza nyama, nayo ikawa ya kijivu upande huu kama upande ule, rangi ya anga ya Brussels mwezi wa Novemba. Ilibaki moja tu, nayo ilikuwa kwenye bakuli, imelowa vilevile.

Kiti kikasukumwa nyuma. Tonton alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshatoka kwenye koti.

"Leta, mutoto yangu. Haiko kosa yako. Dakika tano tu, nitaitengeneza."

Alisema kwa upole, na ndiyo iliyokuwa shida. Émérance aliona jinsi mambo yatakavyokwenda: tonton atashika nyama, itakuwa nzuri ajabu, atamwekea yeye sahani mezani, kisha atasimama kando akiangalia anavyokula, kama kila siku tangu alipokuwa na miaka tisa. Hakuwahi maishani kumwamuru mtu mzima.

"Ikala, tonton."

"Nini?"

"Ikala. Pardon. Lakini ikala."

Kitenge kilisimama hewani. Émérance, mashavu yakimwaka, akachukua daftari lake la mazoezi ya hospitali na kalamu, akaja kusimama mbele ya meza kama alivyoona wanavyofanya mikahawani.

"Monsieur anataka cuisson gani, iive kiasi gani?"

Tonton akamtazama. Akakaa polepole.

"À point, ya wastani," akajibu haraka. Kisha akatikisa kichwa. "Non. Ngoja. Ile ilikuwa ya docteur, wa meza ya dirisha." Kwa miaka ishirini na miwili alisikia maagizo ya watu kupitia kidirisha cha jikoni, aliyajua kama majina ya wanawe. "Unajua," alisema, "miye mwenyewe sijui."

"Papa Rigobert!" Hawa akapaza sauti kutoka kitandani. "Miaka yote ile, haukuonja?"

"Nilionja pembeni, maman. Na pembeni inaivaka siku zote."

Aliutazama mkono wake, akafikiri sana, kama mtu anayechagua jina la mtoto.

"Inje ikauke kabisa. Ndani ibakie rose, lakini kidogo, kama ukucha ya mutoto. Na pilipili."

"Pilipili juu ya steki?" Hawa alishangaa.

"Client ni miye, ama ni weye?"

Émérance aliandika yote. Kisha akaifuata nyama kama alivyofundishwa kumkausha mgonjwa mwenye ngozi laini, yaani kwa kubonyeza, bila kusugua, kitambaa cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha nne kikatoka kikavu. Akaiondoa ile ya kwanza, akapangusa chuma. Akakipa muda tena, akadondosha tone la maji, nalo likacheza na kukimbia. Mafuta akayapaka nyama yenyewe, chuma akakiacha kikavu.

Akaiweka.

Chwaaaa!

Tonton alifumba macho kama mtu anayesikiliza kwaya ya parokia yake. Moshi ukapanda. Hawa akapepea, akimwomba Mungu na kulaumu mkono wake kwa zamu. Kengele ikakohoa mara moja, pi, ikapigwa na upepo wa kitenge, ikafikiri, ikanyamaza. Émérance aligeuza nyama: chini ilikuwa na ngozi ya kahawia iliyoiva kama ganda la mkate. Alipoona wakati umefika aliibonyeza kwa kidole, kisha akajibonyeza penye nyama ya chini ya dole gumba, akalinganisha ulaini, akabonyeza tena. Akaiondoa, akaifunika kwa bakuli.

"Na sasa?" Hawa akauliza. "Muletee mwanaume chakula!"

"Bado. Ipumzike, maji yarudi ndani."

Tonton alifungua jicho moja. "Nani alikufundisha hiyo?"

"Muntu moja wa Evere."

Dakika tano zilikuwa ndefu. Mwishowe sahani ikatua mbele yake, na pilipili pembeni. Tonton alikata. Ndani palikuwa na rangi ya ukucha wa mtoto. Akatia kinywani, akatafuna, akatafuna. Émérance alisimama kando, daftari mkononi.

Tonton akaweka uma chini.

"Mademoiselle."

"Oui, monsieur."

"Mwite mupishi."

"Mupishi!" Hawa alipiga ukelele. "Unaitwa huku!"

Chumba hakikuwa na pa kwenda, basi Émérance akajizungusha pale pale, akarudi kuitazama meza.

"Ni miye, tonton."

Tonton akamwinamishia kichwa. Akachukua kisu, akakata kipande cha katikati kabisa, chenye rangi yote na maji yote, akamnyooshea kwa uma.

"Hapana, tonton, ni ya kwako."

"Client ndiye anasema. Pembeni nitakula miye, nimeizoea."

Émérance akala. Ilikuwa tamu, naye hakuweza kumtazama mtu yeyote kwa kitambo.

"Na ile iliyooga?" Hawa aliuliza, akishuka kitandani.

"Kesho, na kitunguu na tomate," tonton alijibu. "Nyama haitupwi."

Sahani ilipokuwa tupu aliishika kwa mikono miwili, akakitazama kibeseni cha kuoshea vyombo, kilichokuwa karibu naye kiasi cha kufikiwa kwa mkono.

"Nisimame?"

"Hapana," walijibu wote wawili kwa pamoja.

Tonton Rigobert akairudisha sahani mezani, akalegeza tai, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine.

"Bon," alisema. "Basi niletee chai. Na isichelewe, miye niko mutu ya kulalamika."