Sura ya Tatu

Profesa Vlaicu alitia ukucha mdomoni, akachokoa kipande cha kabichi kilichonasa kwenye jino, akakitazama, kisha akakila tena.

"Mama yako anajua kupika, binti. Haya, tuijadili tasnifu yako."

Smaranda alisimama mbele ya meza aliyoiandaa mwenyewe asubuhi. Ndivyo ilivyo desturi ya chuo chao: mwanafunzi anayetetea kazi yake ya uzamili huwalisha wanaomtahini. Mama yake alikuja kwa treni na sufuria ya sarmale mapajani, nyama ya kusaga iliyoviringishwa kwenye majani ya kabichi, kila moja nene kama kidole gumba. Sasa alikuwa nje kwenye ngazi, amevaa viatu vyake vya kanisani, akingoja kusikia kama mwanawe amepata shahada ya sheria ya haki za binadamu.

"Kazi nzuri," Vlaicu alisema, mafuta yakimtiririka kidevuni. "Ila sura ya tatu, hapana."

Sura hiyo ilihusu familia za Waroma, kabila dogo linalobaguliwa nchini humo, zilizobomolewa nyumba na halmashauri na kutupwa kando ya jaa la taka. Smaranda alishinda nao majira mazima ya baridi. Alimpakata mtoto aliyeng'atwa sikio na panya.

"Ina kosa gani, Bwana Profesa?"

"Watu wa halmashauri ni marafiki zetu. Na hao wako, tusidanganyane, taka wamezizoea." Watahini wenzake wawili wakacheka, vinywa vimejaa. "Itoe, tukupe alama zako kumi kwa kumi. Ukikataa, shahada usahau."

Hakungoja jibu. Alizichana kurasa zile, akazipanga juu yake sarmale nne, akafunga vizuri kama muuza nyama.

"Mbwa wangu naye ana haki zake, au siyo?"

Harufu ya chakula cha mama yake, aliyoipenda tangu utotoni, ilimjia Smaranda kama ya jaa.

"Sura inabaki," alisema. Akalichukua lile furushi, akaliweka ndani ya sufuria, akaibeba sufuria kwa mikono miwili.

"We binti! Hatujamaliza kula!"

"Mimi nimemaliza."

Nje, mama aliinuka upesi. "Vipi, mwanangu? Wameshiba?"

Smaranda aliketi kwenye ngazi baridi, akalifungua furushi. Mafuta yalikuwa yamepenya hadi ukurasa wa mwisho. Mama alitoa leso kifuani, akaanza kuupangusa ukurasa wa kwanza polepole, midomo ikichezacheza, akiyasoma majina ya familia zile.