Sindano ya Komanda Wilondja

Vita vilipofika Ubwari, mashariki mwa Kongo, wapiganaji sita wa Mai-Mai walikuwa wakijidunga dawa ya maumivu waliyoipora kwenye dispensari, ili walewe, wote kwa sindano moja. Fanny, muuguzi kutoka Nundu, aliwaletea sindano mpya, maana aliyefuata kwenye foleni alikuwa mdogo wake, Asukulu.

"Kila mutu achukue yake! Hiyo moja itawapa ukimwi!"

Komanda Wilondja alicheka. "Dada, siye risasi haituwezi. Ukimwi ni nini?"

Fanny akabadili maneno. "Maji yenu ya kuzuia risasi inakataza kugusa mwanamuke, si ndiyo? Basi damu ya mwenye alivunja sharti inabakia mu sindano. Ikiingia kwako, na risasi itaingia."

Macho yote yakamgeukia Patrice, mpiganaji mwenzao aliyejulikana kwa kupenda wanawake.

"Munaniangalia mi tu?" akafoka. "Muulize komanda alilala wapi jana!"

Asukulu alirukia sindano mpya kwanza, wenzake wakamfuata wakisukumana. Komanda alichukua mbili.

"Ya pili ya nini?" Fanny akauliza.

"Ya kesho," akanong'ona. "Hata damu yangu mwenyewe siiamini."