Nukta Zinazopanda Mlima

"Watu hawaukimbilii mlima unaotema moto, Mama Targelia. Wanaukimbia!" Injinia Endara aligonga kioo cha kompyuta kwa kalamu. "Hata mtoto anajua."

"Mtoto wa mjini, labda. Wa kwetu anajua ng'ombe wako juu."

Tangu asubuhi walibishania jambo moja: kisanduku cha mwisho cha kupokezana ujumbe kifungwe wapi. Minara ya simu ikianguka, simu za wanakijiji zingepeana onyo la volkano, moja hadi nyingine, mradi zisiachane mno. Kisanduku kingeziba pengo. Katika uigaji wa Endara kwenye kompyuta, king'ora kikilia, nukta mia nne, kila nukta mtu na simu yake, zilitelemka shuleni kama maji. Basi kisanduku kifungwe shuleni.

Targelia, fundi wa mradi, alikuwa ametembea wiki mbili na wakamuaji, simu zikirekodi nyayo zao. Siku ya zoezi la king'ora, watu mia na ishirini walipanda malishoni kwanza.

"Hao walikosea zoezi," Endara alisema. "Data yako chafu."

"Mia na ishirini wakosee pamoja? Ng'ombe kafungwa kamba, injinia. Nani atamwacha aungue hapo?"

"Ng'ombe si mtu."

"Ndiye anayemlisha mwanangu. Mlima ulipolipuka juzijuzi nilipanda kumfungua, mtoto mgongoni. Mimi ni mmoja wa hao wachafu wako."

Akavuta kompyuta, akaingiza nyayo alizorekodi, akabonyeza. Nukta zikapanda, zikavuka korongo, zikakatika mawasiliano na zile za chini. Zote mia na ishirini zikawa nyekundu: onyo halikuwafikia.

Endara alitazama pembeni. "Ripoti imeshafika makao makuu, Quito. Ina saini yangu."

"Kwa hiyo watu wakimbie kwa kufuata saini yako?"

"Ukikihamisha, kazi huna."

"Nilikuwa nakamua kabla yako."

Nje, Segundo, dereva wa gari la kukusanya maziwa, alipiga honi. Targelia akabeba kisanduku kwapani, betri mkononi, akampita Endara bila kumwomba njia.

"Mama Targelia! Nakuamuru!"

"Amuru ng'ombe washuke," alimjibu akipanda garini. "Kaka Segundo, juu!"

Kabla ya adhuhuri alikuwa juu ya paa la banda la maziwa la malishoni, ng'ambo ya korongo, akikaza skrubu ya mwisho ya kisanduku.