Sifuri ya Namkunda

Adhuhuri inamkuta Bi Sifaeli Mshana, mhadhiri wa ustawi wa jamii, ameinamia mtihani wa Namkunda, mwanafunzi ampendaye kuliko anavyokubali. Swali linataka hatua za kumhudumia mjane. Namkunda hakuandika hatua hata moja ya kile kitabu kilichokuja na wakoloni na kinachofundishwa hadi leo. Ameandika jinsi Wapare wanavyoitana kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wakamlimia mjane shamba lake, wakashinda naye mpaka aweze kucheka. Mwongozo wa kusahihisha unasema sifuri. Kalamu inakuwa nzito, kope zinakuwa nzito, karatasi inafunguka kama mlango, naye anapita.

Ng'ambo kuna barabara isiyokwisha na mji wenye kuta za vioo, na katika kila kioo yumo yeye, ameshika fomu. Mtu asiye na uso anatembea ubavuni pake. Kitendawili, anasema mtu yule. Tega, anajibu Sifaeli. Mgeni wangu ananifundisha kumkaribisha mama yangu. Sifaeli anawaza, barabara inapinda, inarudi ilikotoka, inapinda tena, na mji unageuka ua wa kwao, siku ile walipomzika baba. Marehemu mama yake yuko mkekani, kanga kichwani. Sifaeli anajisikia akimsomea fomu: jina kamili, idadi ya wategemezi. Mama anamtazama kwa huruma, kama mtoto aliyerudi kutoka shule na homa. Mwanangu, hujala wewe. Keti kwanza. Sifaeli anataka kuketi lakini magoti hayakunjiki, miaka ishirini amewafundisha watu kusimama na fomu. Nani kakufundisha kunipa pole hivyo? anauliza mama, wala hakasiriki. Kitabu, anasema Sifaeli, na akishalitamka neno hilo anajua amekitegua kitendawili, magoti yanalegea, wanawake waliokaa mkekani wanasogea kumpisha aketi, majembe yanasikika shambani, naye analia kilio alichokiahirisha tangu msiba ule, mkono wa mama mgongoni.

Anapoinua kichwa yuko ofisini. Juu ya karatasi kuna alama kumi na nane kati ya ishirini, kwa mwandiko wake, wino bado mbichi. Hakumbuki kuziandika. Anatoka, anamkuta Namkunda kwenye ngazi akinywa chai. Jumatatu utafundisha wewe, anamwambia, mimi nitaketi na wenzako. Namkunda anasimama kwa heshima, anatabasamu. Sawa, mwalimu. Lakini ulishaniambia, pale uani, ulipokuwa umeketi na mama yako.