Pumzi Haimtoshi

Watu wote humtazama winga anapokimbia, ndiyo maana hawajui kitu. Mimi humtazama anaposimama. Kazi niliyopewa na klabu moja ya Dar es Salaam kwa miaka tisa ilikuwa hiyo tu: kuzunguka huku Kusini, kutazama vijana, na kuandika nani achukuliwe na nani aachwe. Naitwa Bwanali. Nilicheza beki wa kulia mpaka goti likanikatalia. Masasi nzima wanasema nina mdomo mchungu, na sina muda wa kubishana nao.

Chrispin nilimwona mwezi wa sita, kwenye uwanja wa vumbi chini ya majabali ya Masasi, akichezea timu ya chuo cha ualimu. Alikuwa winga wa kulia, mwembamba, mwaka wa mwisho chuoni. Mara ya kwanza alipopewa mpira alimpita beki, akampita na wa pili aliyekuja kusaidia, na yule wa pili akabaki anaangalia viatu vyake. Nilikuwa na miaka kumi sijaona mguu wa namna ile. Kocha wao, Mwalimu Ladislaus, alikuwa ananichungulia usoni aone kama nitatabasamu. Sikutabasamu. Makocha siwapi raha hiyo.

Dakika ya thelathini akakimbia tena, kutoka katikati ya uwanja hadi kwenye kibendera cha kona, akapiga krosi, likawa bao. Wenzake wakamkimbilia mfungaji. Yeye alibaki kule kwenye kona ameshika magoti. Sawa, kila mtu hushika magoti. Lakini baadaye akanyanyuka, akaweka kiganja kifuani upande wa kushoto, akatulia kama mtu aliyesikia hodi na hana hakika. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Nikahesabu. Alikaa hivyo sekunde hamsini, halafu akarudi uwanjani anacheka, akakimbia vilevile.

"Mwalimu, yule kijana anaumwa?" nikamuuliza Ladislaus.

"Nani, Chrispin? Ana afya kuliko mimi na wewe. Vumbi tu hilo."

Nilitaka sana iwe vumbi. Klabu walishaniambia kwamba usajili wa mwaka huu ukiisha sijaleta mchezaji, nisihangaike kuwapigia simu tena.

Kabla sijaandika lolote huwa nahakikisha umri. Vyeti siviamini hata kidogo, nimeshaona kijana wa miaka kumi na tisa ana mtoto darasa la tano. Mimi huuliza jando. Huku kwetu mtoto awe Mwislamu kama mimi, awe wa hawa Waanglikana ambao kanisa lao lina jando lake, anaingia na wenzake, na kijiji kizima kinakumbuka nani aliingia na nani. Cheti utakibadilisha mwaka. Wenzako wa jando utawabadilisha vipi, na watu wanawaona sokoni kila siku? Kwa njia hiyo sikuwahi kukosea umri hata mara moja, na nilikuwa najisifu kwa hilo mpaka watu wanachoka.

Kwa hiyo asubuhi yake nikachukua bodaboda hadi Lisekese, kwa mama yake Chrispin. Nilimkuta uani anamenya muhogo wa kuanika. Majirani walikuwa wamenielekeza kwa Mama Alfredi, nikajua mtoto wake wa kwanza ndiye huyo Alfredi.

"Shikamoo," akaniambia, akanisogezea kigoda.

"Marahaba, Mama Alfredi. Mimi Baba Husseni, mtu wa mpira. Nimekuja kwa habari za Chrispin, habari njema. Nataka kujua kitu kimoja tu, alitoka jando na nani?"

"Wa nyumba hii walikuwa watatu. Yeye, kaka yake Alfredi, na Cecil wa wifi yangu Anjelina. Yeye ndiye alikuwa mdogo, alikuwa na miaka minane."

"Vizuri. Niitie hao wawili niwaone, nipige hesabu yangu niondoke."

Aliendelea kumenya. "Hawapo."

"Wamesafiri?"

"Wamekufa, Baba Husseni."

Yeye akasema mwenyewe, bila haraka, kisu kikiendelea kutembea kwenye muhogo. Cecil alikuwa na miaka kumi na tano, alikuwa anafukuza nyani shambani kwenye karanga, akaanguka, walipomfikia kwisha. Alfredi alianguka uwanjani, mechi ya shule. Huyo aliamka, wakampeleka hospitali, wakaambiwa moyo wake una kasoro na asikimbie tena maisha yake yote.

"Na baba yao?" nikauliza, na huku sitaki kujibiwa.

"Alikuwa anasukuma baiskeli mlimani, ina gunia la mahindi. Alikuwa na miaka thelathini na nne."

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa mchana kweupe, kuku wanapita miguuni pangu. Nilikiona tena kile kiganja kifuani.

"Chrispin anajua?"

"Anajua wamekufa. Alikuwa shule ya bweni, tulimwambia ni homa."

"Mama, huyu lazima apimwe. Lazima aambiwe aache kukimbia, leo hii."

Akaweka kisu chini, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Alfredi alipimwa. Akaambiwa. Aliporudi akakaa pale, kwenye kizingiti kile unachokiona. Hakukimbia, hakulima, hata ndoo ya maji hakubeba. Kutwa ameshika kifundo cha mkono anahesabu mapigo. Chakula hali. Wiki kumi na moja, akafa amekaa. Moyo ule ule, na wala hakukimbia. Mwanangu alikufa kwa kujua." Akafuta mikono kwenye khanga. "Huyu niliyebakiwa naye hutamwambia. Wewe mtu wa mpira, mtoe kwenye mpira kwa namna zako unazozijua. Lakini asijue. Niahidi."

Ningebisha. Mimi hubisha na kila mtu, hata na mke wangu aliyenizoea hubisha naye mpaka ananiachia chumba. Lakini kile kizingiti kilikuwa mbele yangu, kimelainika katikati kwa kukaliwa. Nikaahidi.

Usiulize kwa nini sikuwaandikia klabu ukweli kwa siri. Siri gani? Ripoti zetu zinarudi kwa kocha wa mchezaji, kocha anazirusha kwenye kundi la simu, jioni muuza chapati anazo. Ilibidi nitafute kasoro nyingine ya kumkatia. Kasi sikuweza kumnyima, uwanja mzima uliiona. Mguu wake ulikuwa safi. Ningeweza kuandika umri, kwamba amezidi. Klabu wangeniamini bila swali, na umri haurudi nyuma, angekata tamaa, akaenda zake kufundisha watoto kusoma. Lakini umri ndiyo sifa yangu. Wangu ule wa jando, usiokosea. Sikutaka hata mara moja jina la Bwanali liwekwe chini ya umri wa uongo. Kiburi tu, hakuna jina lingine. Nikaandika: Ana kasi na akili ya mpira, lakini pumzi haimtoshi kwa ligi kuu. Hafai kwa sasa.

Nilipoituma nilijiona mtu mwema. Nilikosa mchezaji, klabu wakaacha kupokea simu zangu kama walivyosema, nikavumilia. Nilijiambia kuna kijana nimemwacha hai.

Mwezi wa kumi, Alhamisi jioni, Ladislaus akapiga simu. Mabibo ya mikorosho yalikuwa yameanguka kila mahali, mji mzima unanuka utamu wake.

"Bwanali, kesho njoo Newala. Nina kitu chako."

"Kitu gani?"

"Chrispin. Ile ripoti yako nilimsomea. Unajua hakukasirika hata kidogo? Akasema mzee amesema kweli, hata mimi huwa naisikia pumzi inakata. Sasa yuko kwenye mazoezi ya kufundisha, shule iliyo huku chini, kabla hujapanda mlima wa Newala. Kila asubuhi anapanda mlima mbio kwa njia ya mkato, mpaka juu kabisa, anashuka, anawahi kengele. Kupanda tu alianza na dakika hamsini. Sasa hivi thelathini na nane."

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu sasa."

"Mzuie."

"Nimzuie vipi, na wewe ndiye uliyesema pumzi?"

Nikakata, nikampigia Chrispin mwenyewe. Akapokea anahema kidogo, sauti ya furaha.

"Shikamoo, mzee. Mwalimu amekuambia? Usinipe maneno sasa hivi, naomba. Njoo uone kwanza, halafu uandike upya."

"Chrispin, kesho usikimbie. Ningoje shuleni."

"Mzee unanipima," akasema, akacheka. "Nitakimbia."

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Neno lilikuwa mdomoni. Nikamwona mama yake na kile kizingiti, nikasema moyoni, hili si la kwenye simu, kesho nitamwambia uso kwa uso, nimshike mkono. Nikamtakia usiku mwema.

Niliondoka Masasi kabla ya adhana kwa bodaboda. Shuleni nilimkuta mwalimu wa kike anafagia baraza, Mwalimu Priska. Akaniambia Chrispin ameshatoka, tena leo kawahi, kasema ana mgeni wake juu na hataki kumngojesha. Nikamwambia dereva akanyage. Barabara inazunguka, njia ya mkato inakwenda moja kwa moja vichakani, huwezi kumwona mtu. Kila kona nilikuwa natazama mteremkoni naona majani tu.

Juu nilimkuta Ladislaus na wanafunzi wanne wa chuo, wamekaa kwenye jiwe pale njia inapotokea. Dakika thelathini na moja tangu anipigie kwamba ameanza, Ladislaus akasema akitazama saa. Walikuwa na maneno mengi, wanataniana nani atakuwa wakala wake. Thelathini na nane ikafika. Kijana mmoja akasimama, akaweka viganja mdomoni, akamwita kwa utani, "Mwalimu Chrispin, chaki zimeisha huku." Hakujibiwa na mtu. Arobaini na tatu. Ladislaus akasema labda kasimama kunywa maji.

"Hakuna maji njiani," nikamwambia. Nikamwambia na mengine yote, pale pale, mbele ya wanafunzi wake: Cecil, Alfredi, baba yao, na kile nilichokiandika. Ladislaus akaanza kushuka mbio, mimi nyuma yake nikiburuta goti.

Tulimkuta karibu nusu ya njia. Kina mama wawili waliokuwa wanateremka na mizigo yao ya kuni walikuwa wameitua, mmoja amevua khanga ya juu kamfunika. Alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya kifua. Mwili ulikuwa bado na joto. Ladislaus akampigapiga mashavu, akamwita, akamwita tena, mpaka yule mama akamshika bega.

Lisekese nilitangulia mimi. Sikukubali mtu mwingine apeleke habari ile. Mama Alfredi alikuwa shambani anaokota korosho, anatenganisha bibo na mbegu, ndoo iko nusu. Aliponiona ninavyotembea akakaa chini. Nikamwambia. Hakupiga yowe. Bibo alilikamua mkononi, maji yake yakamtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Alikuwa anajua?" akauliza.

"Hakujua, mama. Mpaka jana usiku alikuwa anacheka."

"Basi ulitimiza," akasema. Halafu akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Asante, Baba Husseni. Mwenzake aliogopa wiki kumi na moja. Huyu hakuogopa hata siku moja. Asante."

Sikuweza kuutoa mkono wangu.

"Kule mlimani asubuhi yote ile," akauliza, "alikuwa anafuata nini?"

Nikamjibu alikuwa anawahi kazini.